Nyuma ya Mfagiaji

Jua lilikuwa limeanza kuinama nyuma ya mlima, na fundi viatu alikuwa bado msituni anafungua tepe.

Kazi yenyewe si ngumu. Kabla ya mbio, waandaaji hufunga tepe za rangi ya chungwa kwenye matawi njia nzima, kutoka uwanjani hadi kileleni, kisha chini kwa upande wa pili wa msitu mpaka uwanjani tena, ili wakimbiaji wasipotee. Mtu wa mwisho kabisa ndiye anayezifungua moja moja na kuzitia begini. Mtu huyo wanamwita mfagiaji. Haruhusiwi kumpita mkimbiaji yeyote, hata anayetambaa. Kila penye kona husimama, hugeuka, hupaza sauti: "Kuna mtu nyuma?" Kukiwa kimya ndipo anafungua utepe na kuendelea. Halafu kuna filimbi, kila mtu na yake shingoni. Mkimbiaji akiwa matatani hupuliza mara tatu. Mfagiaji humjibu mara moja, kwa pumzi ndefu, maana yake: nimekusikia.

Katibu wa mbio huyarudia maneno hayo kila mwaka kama anafundisha watoto kuvuka barabara. Na humaliza kwa sentensi ileile. Nyuma ya mfagiaji hakuna mtu.

Fundi aliyajua yote hayo. Alijua na aibu yake.

Maana yeye hakuanza kama mfagiaji. Enzi zile, kabla goti halijamsaliti, mbio hizi alikuwa anazishinda huku anapiga mluzi. Mpaka leo watu wakileta viatu kibandani kwake humwita Bingwa, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, naye hujifanya hasikii tofauti. Katibu alipomfuata mwaka huu alikuja na sauti ya kubembeleza. "Bingwa, mlima ule hakuna anayeujua kama wewe." Fundi akakubali kwa mdomo. Moyoni alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Tena kuna ule ufagio. Mtu wa mwisho akifika uwanjani, katibu humkabidhi ufagio, na msemaji mwenye kipaza sauti humwamuru afagie mstari wa kumalizia huku umati unacheka mpaka machozi yanawatoka. Ni utani tu, wa kuwachangamsha waliochoka. Fundi mwenyewe alikuwa akicheka kuliko wote miaka hiyo, medali shingoni. Leo tangu alfajiri alikuwa anauwaza ufagio, na kila alipouwaza masikio yalimwaka moto.

Mbele yake, hatua chache, alikuwa anahema shemeji yake.

Huyu ni mdogo wake mkewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke wa mwili wake na kicheko chake, anayeishi nao kwenye chumba cha uani. Alijiandikisha kwa mzaha, mzaha ukageuka kweli, na viatu vya mbio akavinunua mitumbani. Soli ya kushoto ilikuwa imeachia. Fundi alimshonea mwenyewe usiku wa kuamkia mbio, na kwa kuwa uzi mweusi ulikuwa umemwishia, alitumia mwekundu. Shemeji alipokiona kiatu alishika mbavu. "Shem! Umekipaka rangi ya mdomo!"

Alikuwa anamwita shem, kwa kifupi, wala hakuwahi hata mara moja kumwita shemeji.

Mchana kutwa alikuwa anamsaidia kufungua tepe. Nyingine anamtilia begini, nyingine anajifunga mkononi kama bangili. "Mimi ni msaidizi wa mfagiaji," alisema. Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, "Lakini kumbuka, shem, leo nimemshinda Bingwa. Jumatatu nawaambia watoto wangu wote."

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko cha meno tu. Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kadiri walivyoteremka ndivyo yalivyozidi kumchoma.

Walipofika penye mawe makubwa, shemeji alisimama.

"Shem, naingia kichakani mara moja. Usiniache."

"Nenda bwana."

"Na usichungulie!"

"Nichungulie nini?"

Kicheko chake kikaenda naye nyuma ya miti mpaka kikapotea.

Fundi akakaa juu ya jiwe, akalinyoosha goti. Joto la siku lilikuwa limejaa chini ya miti kama mvuke wa sufuria. Nyenje walikuwa wanapiga kelele. Na kutoka bondeni, upepo ulipogeuka, ukaleta sauti ya kipaza sauti, nyembamba lakini safi kabisa.

"Tunamsubiri Bingwa! Bingwa, ufagio uko tayari!"

Kisha kicheko cha umati.

Wakwe zake walikuwa kwenye umati ule. Wateja wake walikuwepo. Mkewe alikuwepo, amevaa gauni lake zuri, amemwandalia maji ya kunywa na taulo.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na sitalipamba. Shemeji alikuwa anakawia. Njia ilikuwa moja, tena ni ya kuteremka. Yeye akitangulia polepole, atafikiwa baadaye. Akivua kile kizibao cha manjano cha mfagiaji, ataingia uwanjani kama mkimbiaji yeyote aliyechelewa, na wa mwisho atakuwa mwingine. Shemeji mwenyewe angekipenda kile kichekesho cha ufagio. Angefagia huku anacheza. Fundi hakumtakia mtu mabaya. Alitaka mtu mmoja tu awe nyuma yake.

Akavua kizibao, akakikunja, akakitia begini.

Akaondoka.

Tepe alikusudia kuziacha. Lakini katibu angeuliza begi mbona nusu, na mkono nao ulikwisha kuzoea kazi tangu asubuhi. Akafungua wa kwanza. Akafungua unaofuata. Alijiambia shemeji ana macho, na njia imekanyagwa na mamia ya watu.

Penye kona akasimama, kwa mazoea. Akageuka nusu. Na akauliza kama sheria inavyotaka, ila aliuliza kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayeuliza ili asijibiwe.

"Kuna mtu nyuma?"

Kimya. Akaendelea.

Kona ya pili akanong'ona tena. Safari hii aligundua kuwa nyenje wamenyamaza. Wote, kwa mara moja, kama redio iliyokatiwa umeme. Halafu pua ikapata harufu ya udongo uliolowa, udongo wa chini kabisa, wa mahali pasipofika jua. Mvua haikuwa imenyesha tangu msimu wa joto uanze.

Kisha akasikia hatua.

Ta... ta... ta...

Nyuma yake, si mbali. Roho ikamtulia. Kumbe amefika! Fundi hakugeuka, maana aliona haya kumtazama usoni mtu aliyemwacha, na isitoshe alikuwa hajatunga bado cha kumwambia kuhusu kizibao.

Wakafika njia panda. Hapa njia moja hushuka uwanjani, nyingine huzama korongoni, na ile ya korongoni ndiyo pana, ndiyo inayovutia macho. Kwa hiyo waandaaji walikuwa wamefunga hapo fungu zima la tepe na mshale wa kadibodi. Fundi akalishika lile fungu. Akanong'ona, bila kugeuka.

"Kuna mtu nyuma?"

"Nipo, shemeji."

Sauti ilikuwa karibu mno. Ilikuwa ya shemeji yake kabisa, tena tulivu, haihemi. Fundi akafungua fungu lote, akaung'oa mshale, akavitia begini.

Wakashuka. Yeye mbele, hatua nyuma. Akipunguza mwendo, zinapunguza. Akisimama, zinasimama. Alijaribu kuchangamsha mambo.

"Umenisamehe? Goti lilikuwa linaniuma, nikaona nitangulie taratibu."

Hakujibiwa.

"Utawaambia watoto?"

Harufu tu ya udongo, na ubaridi mdogo shingoni, kama mtu amefungua mlango wa ghala.

Ndipo ikalia filimbi.

Mbali. Juu sana. Huko walikotoka, kwenye mawe makubwa, au kupita hapo... Mara tatu.

Fundi akaganda, mguu mmoja hewani.

Filimbi ikalia tena mara tatu, na safari hii mwisho wake ulikatika, kama aliyeipuliza ameishiwa pumzi au amejikwaa. Mkono wa fundi ukaenda wenyewe kwenye filimbi yake. Akaileta mdomoni. Ilikuwa pumzi moja tu. Pumzi moja ingetosha kumwambia aliyeko kule: nimekusikia, kaa hapohapo, nakuja.

Lakini akipuliza, uwanja mzima utasikia. Watapanda na tochi. Watamkuta hana kizibao, amemtangulia mtu ambaye yeye alipaswa kuwa nyuma yake, na begi limejaa tepe za njia ambayo kuna mtu bado anaitafuta.

"Shemeji," alinong'ona, "hiyo ni nini?"

Sauti ya nyuma yake ikajibu taratibu.

"Ndege."

Naye akakubali. Sitasema aliamini. Alikubali tu, kama mtu anavyokubali kiatu kinachombana kwa sababu hana kingine. Akaiachia filimbi ikaning'inia kifuani, akaendelea kushuka, na kila filimbi ya juu ilipolia aliongeza mwendo.

Uwanjani taa zilikwisha kuwashwa. Msemaji alipomwona alipiga kelele hadi kipaza sauti kikakoroma. "Bingwaaa! Halafu jamani, hayupo peke yake! Mwalimu wetu huyo nyuma yake!" Umati ukasimama. Makofi, vigelegele. Mkewe alikuja mbio, akampita yeye, akamkumbatia mdogo wake, kisha akajivuta nyuma kidogo na kujifuta viganja kwenye gauni.

"Mbona u wa baridi hivi? Hata jasho huna."

Katibu akahesabu namba za kifuani, zikatimia. Wote walioingia msituni wametoka. Akaupeleka ufagio kwa mtu wa mwisho.

Shemeji akaupokea bila kucheka. Watu walikuwa wameandaa mbavu zao, wakangoja. Akainama, akaanza kufagia. Hakufagia mstari. Alianzia pale aliposimama akarudi kinyumenyume kuelekea msituni, anafuta nyayo zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa makini kama mtu anayepiga deki. Kicheko kikafifia, msemaji akaweka muziki haraka.

Fundi akatazama viatu. Hiyo ndiyo kazi yake, macho yake huanzia chini. Uzi mwekundu ulikuwepo, mshono wake mwenyewe, mpaka lile fundo alilolikosea mwishoni. Ila ulikuwa kwenye kiatu cha kulia.

Usiku ule hakula. Mkewe akadhani ni uchovu.

Siku zikaenda. Shemeji alirudi kazini, alikula mezani, alifua nguo zake. Ukimuuliza anajibu. Lakini kicheko kile kilichokuwa kinapasua kuta hakikusikika tena, na chumba cha uani kilianza kunuka udongo. Na hakutangulia mtu popote. Mlangoni anakupisha. Barabarani anakuwa nyuma. Mkewe fundi akimwambia kaa hapa kochini tuongee, anabeba kiti anakwenda kukaa nyuma, ukutani, karibu na mgongo wa fundi.

"Mdogo wangu ana kitu," mkewe alisema jioni moja huku anapiga pasi. "Mkuu wa chekechea ameniita. Anasema watoto siku hizi hawaimbi. Wanageukageuka tu, kutazama nyuma."

"Uchovu wa mlima," fundi alisema.

"Kitu gani kiliwapata kule?"

"Hakuna."

"Hukumwacha peke yake hata kidogo?"

"Nimwache vipi? Mimi ndiye mfagiaji."

Jibu lilimtoka hivyohivyo, rahisi kama kumeza mate. Alipogeuza uso akaona kiti cha ukutani. Shemeji alikuwa anamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mbio alikuwa anatabasamu.

Fundi si mtu mbaya. Nawaambia kwa sababu nyinyi mmekwisha kumhukumu. Kwanza, usiku alikuwa hapati usingizi. Akifumba macho anasikia mara tatu. Pili, alifunga kibanda siku nzima ya kazi, akawadanganya wateja ana homa, akapanda mlimani na begi la tepe ambalo katibu alikuwa bado hajalifuata. Alipanda mpaka kwenye mawe makubwa. Akafunga tepe upya kutoka hapo, njia panda akafunga fungu zima, akateremka anafunga, akavuka uwanja, akaingia mtaani anafunga kwenye nguzo na nyua za watu, utepe wa mwisho akaufunga kwenye kitasa cha mlango wake wa nje. Walioona walidhani kuna mbio nyingine.

Lakini kule kwenye mawe alipaswa kuita. Alijaza pumzi kabisa. Halafu akawasikia wapasua mbao wakizungumza upande wa pili wa mteremko, akafikiri, wakimsikia analiita jina la mtu ambaye yuko nyumbani anakula na kulala, watauliza. Akaita kwa kunong'ona.

"Uko wapi? Fuata tepe... Fuata tepe mpaka nyumbani."

Alikaa kidogo, akashuka.

Siku chache baadaye alipanda tena kutazama. Kwenye mawe makubwa hapakuwa na utepe. Uliofuata pia haukuwepo, wala uliofuata. Hazikuwa zimekatwa wala kuchanwa. Zilikuwa zimefunguliwa vizuri, kuanzia juu, kwa mpangilio, kama afanyavyo mfagiaji. Au msaidizi wake.

Fundi akakaa chini kwenye majani makavu akalia. Alilia kwa furaha, maana aliyemwacha yuko hai. Kisha akalia kwa kitu kingine, maana sasa itabidi aseme.

Aliapa kuwa atasema jioni hiyohiyo. Akafika nyumbani, akamkuta mkewe anaimba jikoni, akaona si vizuri kumharibia siku. Kesho yake palikuwa na wageni. Keshokutwa alichoka. Na kila siku alipokwenda kutazama, tepe zilikuwa zimepungua. Njia panda hakuna. Uwanjani hakuna. Kwenye nguzo ya mwanzo wa mtaa, hakuna.

Kwenye ukuta wa jirani, hakuna.

Jioni ile fundi alikuwa amekaa sebuleni anang'arisha viatu vya mteja. Mkewe alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake cha ukutani. Giza lilikuwa linaingia, taa ilikuwa haijawashwa.

Kitasa kikacheza. Kidogo tu. Kama mtu anafungua fundo.

Kisha mlango ukagongwa. Uligongwa kwa unyonge, tena chini, usawa wa mtu aliyepiga magoti.

"Shem..."

Brashi ikamdondoka fundi.

"Shem, fungua. Nimezifuata zote." Sauti ilikuwa imekauka, imepasuka, lakini ndani yake kulikuwa na mabaki ya kicheko. "Nimekusaidia kuzifungua. Nimechoka, shem."

Fundi akasimama. Alifika mlangoni bila kujua amefikaje. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo. Harufu ya udongo ikamjia kwa nyuma, na ule ubaridi ukamlalia shingoni, na mdomo ukasogea mpaka kwenye sikio lake.

"Ukifungua," ulinong'ona, "utamwambia nini dada?"

Hapo fundi akayaona yote. Aliona uso wa mkewe utakavyobadilika. Aliona kizibao kilivyokunjwa. Alijiona anaeleza mbele ya katibu, wakwe na mtaa mzima, kwa nini alinong'ona, kwa nini hakupuliza, kwa nini siku zote hizi alikula meza moja na huyu na kumwita jina la yule. Mtu anaweza kudhani vitu hivyo haviwezi kuwekwa mzani mmoja na uhai wa mtu. Fundi naye alikuwa anadhani hivyo.

"Nani huyo?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

Komeo lilikuwa baridi chini ya vidole. Huko nje mtu alikuwa anahema.

"Hakuna mtu," fundi alisema. "Ni upepo."

Vitunguu vilikuwa vinaungua kwenye mafuta. Kisha nje ya mlango, karibu kabisa, ikalia filimbi.

Mara moja. Pumzi ndefu.

Nimekusikia.

Hatua zikaondoka zikichechemea, zikarudi kule zilikotoka, na safari hii hapakuwa na utepe hata mmoja njiani.

Asubuhi mkewe alifungua mlango afagie kibaraza, akaita.

"Mume wangu! Kiatu cha nani hiki?"

Kilikuwa kiatu cha mbio, cha mguu wa kushoto. Soli ilikuwa imelika mpaka imebaki ule uzi mwekundu tu unaoishikilia. Ndani yake kulikuwa na tepe za rangi ya chungwa, zimekunjwa vizuri, zimejaa hadi mdomoni.

"Mbona kama cha mdogo wangu?" mkewe alisema, anakigeuzageuza. "Lakini vyake viko ndani, vyote viwili. Nimevipanga sasa hivi."

"Cha mteja," fundi alisema.

"Na hizi tepe?"

"Alikijaza kisipoteze umbo. Nipe."

Mkewe hakumpa. Alikitazama kiatu, akamtazama mumewe, kisha macho yake yakapita juu ya bega la fundi, yakatazama aliyesimama nyuma. Rangi ikamtoka polepole. Akakiweka kiatu mkononi mwa mumewe kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Atakuja kukichukua?" aliuliza.

"Atakuja."

Kiatu kipo kibandani mpaka leo, kwenye rafu ya vinavyosubiri wenyewe. Hajakishona. Kila jioni hukipangusa vumbi kabla ya kufunga, akakirudisha, akatoka bila kugeuka kutazama. Hana haja ya kuuliza. Alitaka mtu mmoja tu awe nyuma yake, na yupo.